Sampuli

Miaka ishirini na mbili nimekuwa karani wa mizani,
ghala la chama cha msingi, Newala.
Korosho zinakuja kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa kichwa,
nami nachoma bambo ubavuni mwa gunia,
natoa konzi moja, napasua kwa kisu:
hii nyeupe, hii imeoza, hii ina unyevu.
Kwa konzi moja nahukumu gunia zima.
Wakulima wameniita majina.
Sikukosea mara nyingi.

Leo mimi ndiye gunia.

Hospitalini Mtwara, Jumanne, mashine imemalizana nami,
kilo mbili na robo za maji zimeshuka mizanini.
Binti wa maabara, Tausi Chinguwile, kaja na kichupa
chembamba kama kifuniko cha kalamu,
kina mstari mwekundu katikati.
"Babu, tema mate. Yafike hapa."

Mate!
Mwanangu, mimi napimiwa nusu lita kwa siku,
na humo imo chai, umo mchuzi, yamo ya kumezea vidonge.
Ulimi wangu ni kirago kilichosahauliwa juani,
usiku unagandia kaakaa
mpaka niubandue kwa kidole.
Bei ikishuka watu hutema mate nikipita.
Ningejua, ningeyakinga.

Akanieleza bila haraka: figo ikishindwa kazi
taka za damu hutafuta mlango mwingine,
hupanda hadi kinywani, hukaa kwenye mate.
"Ndiyo ile harufu, babu."

Ile harufu.
Mjukuu wangu Shazili aliitaja mbele ya wageni:
babu mdomo unanuka choo cha stendi.
Mama yake akamzaba kofi. Mtoto hakusema uongo.
Somoe, mke wangu, mwezi wa saba huu analala kaelekea ukuta,
akidhani nimerudia uraka,
nami nasukutua kwa chumvi, napiga mswaki mpaka fizi zinatoa damu,
nimeacha kucheka, nimeacha kuitikia amina kwa sauti.
Chakula chote kina ladha ya sarafu.
Hata ming'oko. Hata ming'oko ya dada yangu, jamani,
ladha ya sarafu.

Kichupa bado kikavu.
Tausi hakunikemea. Akavuta kiti.
"Kwenu bibo mnalila na nini?"
Na chumvi, nikasema. Na pilipili.
Lakini lichague jekundu, lile kali,
la alfajiri, lingali na umande,
ukiling'ata linakukaba koo, maji yanachuruzika mpaka kiwikoni,
doa lake halitoki kwenye shati
mpaka shati lenyewe liishe...

Hapo mataya yakaniuma nyuma ya masikio,
na tone moja, zito, lenye povu,
likashuka kwa kusitasita kama mdaiwa.
La pili.
La tano.
Mstari.

Akachovya kijikaratasi. Kilikuwa cha njano,
kikageuka kijani, kijani kile cha korosho iliyoota ukungu.
Rangi hiyo naijua. Daraja la pili, nikamwambia,
tena nakuhurumia.
Akacheka. "Tunajaribu tu, babu. Damu bado ndiyo shahidi.
Ila mtu wa Liwale, kila juma aje huku kutobolewa mshipa?
Mate angetema kwake."

Chumba cha nne, Daktari Mkumbaru akagonga magego yangu
kama fundi anayetafuta tofali bovu.
"Haya mawili yana usaha. Si nasikia mdogo wako anakupa figo?
Figo ya watu haiwekwi na meno haya mdomoni.
Ila si leo, leo damu yako ina dawa ya mashine,
nikigusa haitakata. Njoo kesho asubuhi."

Nikakaa kwenye benchi la nje nikampigia Somoe.
Nikamwambia: si uraka.
Ni figo, inapumulia mdomoni.
Akanyamaza mpaka nikaangalia kama salio limekwisha.
Kisha akasema,
"Sema tena. Sogeza mdomo."